Bi Ghislaine Aubrespin na Watu Tisini na Tisa wa Sarcenoux

Baada ya miaka thelathini na saba na miezi minne ya utumishi, Bi Ghislaine Aubrespin, katibu wa ofisi ya kijiji cha Sarcenoux, anastaafu rasmi tarehe 31 Desemba 2024. Siku hiyohiyo kijiji chenyewe nacho kinastaafu. Kuanzia Januari mosi tutakuwa sehemu ya Vernassoux, kijiji kikubwa cha ng'ambo ya mto, na hili mnalolisoma ni toleo la mwisho la jarida letu.

Bwana Meya Thierry Lascombe ndiye aliyeniomba niandike, kwa kuwa Sarcenoux ina waajiriwa wawili tu na mmoja wao ndiye anayeagwa. Mimi ni yule mwingine. Nafyeka kando ya barabara, nazibua mifereji, namwaga chumvi kwenye barafu, nachimba makaburi. Kalamu si kazi yangu. "Ukurasa mmoja tu, Régis," aliniambia Meya. "Weka vichekesho viwili vitatu, watu wafurahi. Na habari za sensa ziache zilivyo, tafadhali." Nilimjibu sawa. Bwana Meya, nilisema sawa ili uniachie nikaendelee na kazi, na sasa utaona mwenyewe.

Tuanze basi na vichekesho, kwa kuwa vipo.

Bi Ghislaine aliripoti kazini Septemba mosi 1987, akiwa na umri wa miaka ishirini na saba, kwa pikipiki ndogo iliyokuwa inazimika kila kilima, na Sarcenoux ni vilima vitupu. Meya wa wakati huo, mzee Anselme Courtadon, hakuwepo ofisini. Alikuwa zizini anakamua. Binti akamfuata huko na karatasi za kutia saini. Mzee hakugeuza hata shingo: "Karatasi zitanisubiri, mwanangu, ng'ombe hatanisubiri. Nisomee hapahapa, paza sauti." Akamsomea maazimio yote ya halmashauri akiwa amesimama kwenye samadi na viatu vyake vipya, na mzee akatia saini juu ya mfuniko wa ndoo. Wiki mbili baadaye karatasi zikarudishwa kutoka ofisi za juu, wakiuliza lile doa la kahawia kwenye ukurasa wa tatu lina maana gani. Bi Ghislaine akajibu kwa barua yenye mhuri: doa hilo halikupigiwa kura na halmashauri, na halina nguvu yoyote kisheria.

Mwingine. Mwaka 2003, dakika kumi kabla ya kufungisha ndoa, ikagundulika kwamba mshipi wa Meya wa rangi tatu umetafunwa na panya kabatini. Bi Ghislaine akakata pazia la buluu la ofisi, akachana shuka jeupe, akaomba kitambaa chekundu cha wawindaji, akashona palepale bi harusi akiwa anasubiri kwenye ngazi na mvua inaanza. Ndoa ile ilivunjika baada ya miaka minne. Mshipi bado upo.

Hivyo ndivyo vichekesho. Vingine mtaviongeza wenyewe kwenye mvinyo wa kumuaga.

Mlangoni pa ofisi kuna ukurasa umewekwa nyuma ya kioo, na karibu kila mgeni aliyewahi kupotea njia akaingia Sarcenoux ameusoma. Bi Ghislaine aliuandika mwaka wake wa pili na kuupa kichwa: Mahali, Historia na Watu. Unasema kwamba Sarcenoux ni kilomita za mraba kumi na nne, sehemu ya chini mita mia sita na kumi na mbili na ya juu mita mia saba themanini. Unasema udongo wetu ni haba na mwamba wetu ni mgumu, kwamba mto Ourdelle ndio mpaka wetu wa kusini, na kwamba malisho ya zamani sasa yamefunikwa na misonobari iliyopandwa na watu wasioishi hapa. Maneno hayo ya mwisho Meya mmoja alitaka yafutwe. Hayakufutwa.

Kwenye historia ameeleza habari za waashi. Kwa zaidi ya miaka mia moja wanaume wa Sarcenoux waliondoka kila mwezi Machi kwa miguu kwenda kujenga Paris, wakarudi Novemba wakiwa na vikohozi. Wake zao hawakuondoa shuka vitandani. Karani wa sensa alipopita, mke alimwonyesha kitanda kilichotandikwa na kusema mume yupo, na karani akaandika yupo. Hivyo ndivyo Sarcenoux ilivyopata watu mia nane na kumi na moja mwaka 1886, ijapokuwa siku yenyewe ya kuhesabu mia mbili kati yao walikuwa juu ya majukwaa ya ujenzi huko Paris. Tabia hiyo imetukaa. Mpaka leo ukimuuliza mtu wa hapa nyumbani kwake wako wangapi, atahesabu vitanda.

Halafu kuna mnara wa mashujaa wenye majina arobaini na moja, yote ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Kila Novemba 11 Bi Ghislaine ndiye aliyeyasoma, na sisi baada ya kila jina tuliitikia kwamba amekufa kwa ajili ya Ufaransa. Mwaka huu tulikuwa tisa, mvua ikinyesha kwa upepo, na majina yalitushinda wingi mara nne na zaidi. Tulipofika jina la thelathini sauti zilikuwa zimetukauka.

Mstari wa mwisho wa ukurasa ule ni idadi ya watu. Huo aliuandika kwa penseli tangu mwanzo. Alipoanza kazi tulikuwa mia moja sabini na wanne. Shule ikafungwa mwaka 1991, tukawa mia na hamsini na kitu. Duka la mama Péchadre likafungwa, likafuata kanisa, ambalo sasa linafunguliwa kwa mazishi tu. Kila mara alifuta na kuandika upya, na mahali pale karatasi imekuwa nyembamba mpaka unauona ubao nyuma yake.

Jambo moja watu wa nje hawalijui. Bi Ghislaine si mwenyeji wa Sarcenoux. Amezaliwa Vernassoux na anaishi Vernassoux, hatua mia mbili kutoka darajani, na dirisha lake la jikoni linatazama mnara wa kanisa letu. Kila asubuhi alivuka daraja saa mbili na nusu, na jioni saa kumi na moja alifunga mlango na kuvuka kurudi. Ametuhesabu sisi sote, waliozaliwa na waliokufa, na yeye mwenyewe hakuwahi kuwa hata mmoja katika hesabu yetu. Kwa miaka thelathini hilo lilikuwa ni utani tu. "Mtu wa ng'ambo kaja," tulisema akitokeza darajani, naye akajibu, "Ng'ambo ni kwenu, mimi nimetoka nyumbani."

Utani uliisha mwaka wa sensa, miaka saba iliyopita.

Karani wa sensa nilikuwa mimi. Ilikuwa Januari, theluji hadi magotini, na nilipita nyumba kwa nyumba na madodoso kwenye mfuko wa posta. Jioni nilimkabidhi Bi Ghislaine nilichokusanya, naye akakagua na kujumlisha. Wengine walijaza kwenye kompyuta na majibu yao yalimfikia yeye moja kwa moja, kwa hiyo jumla aliijua yeye peke yake. Lakini kila mtu alijua tuko karibu na mia, na kila mtu alijua maana yake. Kijiji chenye watu mia kina wajumbe kumi na mmoja kwenye halmashauri. Chini ya mia, hata akipungua mmoja, wajumbe ni saba.

Kule kitongoji cha La Font kuna nyumba ya Bi Marcelle Théveny. Wakati huo alikuwa na miaka themanini na minane na alikuwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Vernassoux. Alikwenda kupisha baridi tu, ndivyo alivyosema mwenyewe, na baridi hiyo alikuwa ameipisha miaka sita. Ufunguo wake ulikuwa chini ya chungu cha maua, kuku wake walikuwa kwa jirani, na kitanda chake kilikuwa kimetandikwa. Nilichungulia dirishani nikakiona. Nikamwandika. Baada ya wiki moja niliingia ofisini nikakuta jina lake limepigwa mstari kwa rula.

"Bi Ghislaine, umemfuta Bi Marcelle?"

"Anaishi Vernassoux, Régis. Sheria inasema ahesabiwe anakoishi."

"Kitanda chake kiko La Font!"

"Kitanda kiko La Font. Bi Marcelle hayuko."

Mwezi wa mwisho wa kukagua, jumla ikatangazwa: tisini na tisa.

Sasa nitaandika nililolifanya, na naomba aliye na haraka ya kwenda kwenye vichekesho asubiri. Jumanne iliyofuata gari la mkate lilisimama uwanjani kama kawaida, na kama kawaida nusu ya kijiji ilikuwa pale. Nikasimama na mikate yangu miwili kwapani nikasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mmesikia? Tulikuwa mia. Mtu wa ng'ambo kamchukua Bi Marcelle wetu kwa rula, kawapelekea Vernassoux wenzake." Sikusema nadhani. Sikusema labda. Gari la mkate linazunguka vitongoji vyote vinne, na lilipofika Chantegrue ninakokaa mimi, mke wangu alipewa habari hiyo kupitia dirishani kabla ya chenji.

Mnajua yaliyofuata kwa kuwa mliyafanya pamoja nami. Mayai yaliyokuwa yakiachwa mezani kwake kila Ijumaa yalikoma. Watu waliingia ofisini, wakachukua karatasi yao, wakatoka bila salamu. Mtu aliandika kwa chaki kwenye mlango wa ofisi: Rudi kwenu. Sikuandika mimi, ila niliambiwa niifute na nikaichelewesha hadi jioni ili aione akiingia na akitoka. Mwaka uliofuata Bi Marcelle alifariki. Nilimchimbia kaburi hapa Sarcenoux, kando ya mumewe, na Bi Ghislaine alikuja mazishini akasimama peke yake upande wa ukuta. Baadaye tu nesi mmoja aliniambia kwamba ni yeye aliyekuwa akimtembelea bibi yule kila Jumapili, na kwamba alikuwa amemweleza habari ya rula kwa mdomo wake mwenyewe. Bi Marcelle alimjibu: "Niandike unakotaka, binti yangu, mradi wakati wa kuzikwa nirudishwe."

Uchaguzi ukaja, viti vikawa saba. Wanne walioachwa nje wote walikuwa wale wasiotaka kusikia neno kuungana. Mwezi Mei mwaka huu halmashauri ikapiga kura ya kuungana na Vernassoux: wanne ndiyo, watatu hapana. Bi Ghislaine ndiye aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao. Kilipoisha, Gaston Brugerolle, ambaye babu zake wawili wako kwenye mnara wa mashujaa, alipita mbele ya meza yake akavua kofia. "Hongera, Bi Ghislaine. Umetumikia kwenu vizuri." Bi Ghislaine alimaliza sentensi aliyokuwa anaiandika, akaweka nukta, akakunja miwani. Nilikuwa napanga viti na nilimwona. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa.

Oktoba tulianza kuhamisha makabrasha. Vernassoux walileta trela, nami nilibeba masanduku kutoka darini, daftari za watoto waliozaliwa tangu wakati wa wafalme, ndoa, vifo, ramani za mashamba. Sanduku moja lilikuwa limeoza chini. Likapasuka kwenye ngazi, na kilichoniangukia miguuni ni daftari la mizunguko ya sensa ile, daftari langu, lenye mwandiko wangu mbaya na marekebisho yake kwa wino mwekundu.

Niliketi kwenye ngazi nikafungua La Font. Bi Marcelle alikuwepo, amepigwa mstari. Pembeni, kwa herufi zake ndogo: 101 toa 1, zinabaki 100.

Nilisoma mara mbili. Zinabaki mia. Bila Bi Marcelle tulikuwa bado mia.

Nikafungua kurasa zilizobaki, moja moja, mpaka Chantegrue, nyumba ya mwisho, ambayo ni yangu. Majina matatu kwa mkono wangu: mimi, mke wangu Josiane, na binti yetu Maëlle. Maëlle alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Alikuwa anasomea uuguzi Clermont, na huko alikuwa amepanga chumba na jina lake liko kwenye kengele ya mlango. Kwangu alikuja Krismasi na siku kumi za Agosti. Lakini kitanda chake kilikuwa kimetandikwa, Josiane hubadilisha shuka zake kila mwezi hata leo, na mimi nilipofika kwangu na dodoso sikufikiri mara mbili, nilimwandika yupo. Juu ya jina lake mstari wa rula. Pembeni: mtu mzima, anaishi na kusoma Clermont, ahesabiwe huko. 100 toa 1, zinabaki 99.

Aliyetushusha chini ya mia hakuwa bibi wa La Font. Alikuwa ni mtoto wangu, niliyemwandika mimi mahali asipokuwepo. Na kwa miaka saba Bi Ghislaine alikuwa na daftari hilo darini juu ya kichwa chake. Siku yoyote angelishusha, akaliweka juu ya meza mbele ya gari la mkate, mambo yakaisha.

Nilivuka daraja na daftari mkononi. Ilikuwa mchana, alikuwa anamenya viazi. Sikuwahi kuingia ndani ya nyumba ile katika miaka yote niliyofanya kazi naye. Aliliona daftari, akanivutia kiti.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungemfuta mwenyewe mwanao? Josiane angelia."

"Mimi basi. Ila wao! Walikuandikia mlangoni! Kwa nini hukuwaambia wao?"

Alikata kiazi vipande vinne kabla ya kujibu. "Fikiri vizuri, Régis. Lazima wangemnunia mtu. Mimi saa kumi na moja nafunga ofisi, navuka daraja, nafika hapa, nafunga mlango wangu. Nina usiku mzima wa kupumzika mbali nao. Wewe je? Wewe ungevuka daraja gani? Ungechimba makaburi ya watu wasiokusalimu. Na Maëlle angerudi hapa Krismasi kufanya nini?"

Nililia, na sioni aibu kuliandika. Alinipa kisu cha pili, tukamaliza viazi.

Nilimwomba ruhusa ya kuyaandika haya. Alikataa. Nikamwomba tena wiki iliyofuata, akasema jarida ni la kijiji na yeye katibu hana mamlaka ya kunizuia. Nimechukulia hiyo ni ruhusa.

Kwa hiyo hii ndiyo sehemu ya mafanikio ya kazi, ambayo wasifu wa mstaafu hauwezi kukosa. Bi Ghislaine Aubrespin amehudumia mameya watano. Ameandikisha watoto ishirini na sita na vifo mia moja na kumi na vitatu. Ametuhesabu mara kadhaa, na hakuna mara ambayo alituongezea hata mtu mmoja ambaye hakuwepo, ijapokuwa sisi wenyewe tulimtaka atuongezee, na baadaye tukamwadhibu kwa kutofanya hivyo. Idadi ya kweli ilikuwa tisini na tisa tangu siku ya kwanza. Leo ni tisini na moja. Iko mlangoni, kwa penseli.

Jumamosi saa tano asubuhi tutakutana kwenye ukumbi wa shule ya zamani kumuaga. Meya atahutubia, kutakuwa na mvinyo na keki ya Josiane. Kabla ya hayo nawaomba kila mmoja aliyepita mbele ya meza ile bila salamu ampe mkono. Mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, na Gaston nimeshamwambia, atakuwa nyuma yangu.

Bi Ghislaine, umetubeba miaka yote hiyo na hukutudai hata shukrani. Tunakushukuru leo, tumechelewa, na tunakuombea pumziko refu lenye afya na furaha ndani yake. Vuka salama. Na kama wapo ambao bado wanahitaji mtu wa kumnunia kwa ajili ya Sarcenoux, wakuache wewe uende: mimi nakaa nyumba ya mwisho Chantegrue, na sihami.

Régis Faucheron
Mfanyakazi wa barabara na makaburi, Sarcenoux